Chumvi Iliyoshukia Miguuni

Usoke,
13 Oktoba 2024

Kwako binamu yangu Marcelina, mke niliyeponea chupuchupu kumwoa,

Mwangaluka. Natumaini wewe, mjomba na cherehani yako mmeamka salama huko Ng'ambo. Sisi huku wazima kwa neema ya Bwana. Mama amepokea shikamoo yako ya mwezi wa nane, ila anasema aliyeileta alikuwa amelewa, kwa hiyo hakumjibu. Marahaba yake hii hapa. Agnetha mke wangu anakusalimu na kukukumbusha kwamba mimi nina mwenyewe. Miche ya tumbaku kitaluni imeota vizuri. Bendi yetu ya tarumbeta pale kanisani imepata ngoma mpya, na mimi bado ndiye mpuliza besi, lile bomba kubwa linalonizunguka kama chatu.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha mezani. Miguu yangu imevimba, Marcelina. Ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, unaweza kupanda punje ya hindi humo na ikaota. Nimekwenda hospitali, wakachukua damu na mkojo. Daktari anasema presha niliyoibeba miaka yote hii bila kuijali imezichakaza figo zangu. Hazijafa, ila zimechoka, na figo iliyochakaa hairudi kuwa mpya. Kazi iliyopo ni kulinda kilichobaki. Nimeze dawa za presha, niache chumvi, nirudi nipimwe. Zikizidi kushuka nitapelekwa Dodoma, nikaishi karibu na mashine ya kusafisha damu. Kuishi, binamu! Niache shamba, niache mama na Agnetha, nikakae mji nisioujua nikiwa nimefungwa kwenye mpira.

Utaniuliza kwa nini nakuandikia barua kama mtu wa zamani na simu ninayo. Mtandao wa huku unapatikana chini ya kengele ya kanisa tu, na pale mimi siwezi kusimama nikapaza sauti kuhusu mkojo wangu. Basi barua hii nampa kondakta wa basi.

Chumvi nimeacha kabisa. Nashukuru Agnetha ana mkono mtamu, maharage yake bado yanalika. Ila sijaelewa, na mbele ya daktari niliona haya kuuliza: figo na chumvi wana ugomvi gani? Wewe unawashonea wauguzi sare. Hebu niulizie.

Ni mimi binamu yako mwenye miguu ya tembo,
Eliya


Ng'ambo, Tabora,
3 Novemba 2024

Kwa Eliya, mume wangu wa bure,

Amani ya Kristo ikufikie pamoja na vumbi la Tabora, maana mvua bado zinatuzungusha. Baba hajambo, amepata meno ya bandia na sasa anatafuna hata wali kwa kishindo ili tumwone. Mpe shangazi shikamoo, safari hii imeletwa na karatasi, haijalewa. Mwambie mke mwenzangu Agnetha sikutaki tena. Nilikutaka ukiwa na miguu miwili myembamba, siyo hii minara.

Nimecheka, halafu nimekwenda kanisani kwetu nikawasha mshumaa. Najua ninyi Wamoraviani hamtaki mambo ya mishumaa, lakini nimeshawasha, utafanyaje.

Nimemuuliza muuguzi Mwanahawa. Huyu ni jirani, mumewe mtu wa reli, na ukimpima kiuno hatulii kwa kucheka. Nikamzungushia futi nikamwambia, "Leo hutoki humu mpaka unieleze figo." Akasema figo zako ni kama stesheni ya Kaliua. Damu yote ya mwili inapita pale, inarudi, inapita tena, mchana na usiku. Figo zinachuja maji, chumvi na taka, kisha zinaamua: behewa hili linyooke na reli ya Kigoma, hili likunje kwenda Mpanda. Kigoma ni kurudi mwilini, Mpanda ni chooni. (Watu wa Mpanda watusamehe.) Karibu maji yote na chumvi yote vinarudishwa mwilini, kidogo tu ndicho kinachotoka.

Siku ya jua kali ukiwa hujanywa kitu, ubongo unatuma ujumbe figoni: shikilieni maji. Ndipo mkojo unakuwa haba na wa njano. Ukinywa sana, ujumbe unakoma na maji yanaachiwa. Ukila chumvi nyingi, figo nzima zinaisukumia Mpanda taratibu, na wewe huna habari.

"Na figo zilizochoka?" nikamuuliza.

"Hapo mwenye zamu anasinzia," akasema. "Chumvi inabaki kwenye reli kubwa. Na chumvi haisafiri peke yake, Marcelina. Chumvi ni bibi harusi. Popote inapokaa, maji yanakuja nyuma yake kama wapambe. Mishipa inajaa, presha inapanda, na maji yaliyokosa kiti yanashukia miguuni."

Nimefurahi kama mtu aliyefaulu darasa la saba upya. Nimewaeleza mpaka wateja waliokuja kutia zipu.

Sasa hili la mwisho nimelifikiri mwenyewe baada ya yeye kuondoka. Kama reli imeziba, dawa si kusukuma? Kunywa maji, Eliya! Jagi la asubuhi, jagi la mchana, jagi la jioni. Zisuuze hizo figo kama sufuria mpaka zing'ae.

Mkeo uliyemkimbia,
Marcelina


Usoke,
1 Desemba 2024

Kwa Marcelina, daktari wa majagi,

Bwana asifiwe. Leo ni Majilio ya kwanza, na kondakta amekuja na mfuko wa ndimu ulizotutumia, ahsante. Mama hajambo. Mvua zimefika, tumepanda.

Binamu, nimekunywa maji kama injini ya makaa. Wiki ya kwanza nilijisifu. Wiki ya pili viatu vilinikataa. Ya tatu nikawa siwezi kulala chali, pumzi inakatika, nikawa nalala nimeegemea mito, nimekaa wima kama askofu kwenye kiti chake. Kwenye mazoezi ya bendi nilivuta pumzi nipulize besi, ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Vijana wakaanguka kwa kicheko. Nami nilicheka, ila nilicheka nimekaa.

Agnetha akanivuta mpaka hospitali. Daktari alipouliza nakunywa nini nikamwambia, akanitazama kama nimemtukana. Anasema maji mengi hayazioshi figo zilizochoka. Kama hayana njia ya kutoka yanabaki humohumo, mpaka kwenye mapafu. Sasa nina kikombe changu cha kupimia na sipiti hapo. Nimemtetea aliyenishauri, nimesema alikuwa ni mtu mzuri mwenye akili kidogo.

Lakini kilichoniuma si hicho. Daktari alitazama majibu akasema, "Mzee Eliya, wewe bado unakula chumvi." Nikasema sili. Akasema unakula. Nikanyoosha mkono juu mbele za Mungu kwamba tangu mwezi wa kumi haijaingia punje ya chumvi nyumbani kwangu. Agnetha naye akanyoosha wake. Daktari akaandika tu. Marcelina, nimebatizwa nikiwa mchanga, sijawahi kuitwa mwongo na mtoto niliyemzidi umri wa kumzaa.

Amesema kipimo cha kabla ya Pasaka ndicho kitakachoamua: kubaki nyumbani au Dodoma.

Njoo Krismasi. Njoo ule chakula chetu kisicho na chumvi, uwe shahidi.

Eliya


Ng'ambo, Tabora,
30 Desemba 2024

Kwa mume wangu Eliya,

Heri ya Mtoto Yesu. Nilifika salama, na baba anashukuru kwa kuku, hata kama kuku mwenyewe alinichafulia gauni tangu Usoke.

Najua mmebaki mnasema Marcelina amepagawa. Mtu yuko mezani, siku ya pili ya Krismasi, anakula maharage vizuri, ghafla anainuka, anabeba sufuria na kibuyu cha jikoni, kuku wa baba kwapani, anakimbilia basi bila kuaga. Niliwasikia watoto wa jirani wanacheka, na shangazi anasema, "Mwacheni, huyo ni mtani, haki yake." Ndiyo maana nilithubutu. Mtani akibeba kitu nyumbani kwa binamu yake, hakuna wa kumkamata shati.

Sikutaka kusema neno pale kabla sijawa na hakika. Maharage yale hayakuwa na chumvi, nakiri mbele za Mungu na daktari wako. Lakini yalikuwa laini kama siagi, na ulimi wangu ukaniambia kuna mgeni humu. Nikamuuliza mke mwenzangu, taratibu, "Umetia nini?" Akanijibu kwa fahari, "Magadi tu. Tangu chumvi ikatazwe nimeyaongeza, kwenye maharage, kwenye mlenda, kwenye kisamvu, ili mwenzio asione uchungu wa chakula." Akanionyesha kibuyu. Eliya, kilikuwa kibuyu cha mtu anayempenda mumewe.

Nikampelekea Mwanahawa kibuyu. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Anasema kile kinachovuta maji ndani ya chumvi, wanakiita sodiamu, ndicho hichohicho kilichomo kwenye magadi. Chumvi na magadi ni watoto wa mama mmoja, mmoja kavaa nguo nyeupe mwingine kavaa za vumbi. Figo haziangalii nguo. Kwa hiyo hukuwa mwongo, na daktari naye hakukosea. Wewe na Agnetha mmeapa kweli, mkiwa mmekaa juu ya kibuyu.

Na kuhusu ule ushauri wangu wa majagi, Mwanahawa amenichapa kwa futi yangu mwenyewe.

Babu zetu walitoka na chumvi Uvinza wameibeba mabegani mpaka hapa Unyanyembe. Wewe umeona mabega yanachosha, ukaamua kuibeba miguuni.

Magadi yaishe leo. Msomee Agnetha barua hii.

Marcelina


Usoke,
26 Januari 2025

Kwa binamu mwizi wa sufuria,

Salamu nyingi. Mama hajambo, goti tu. Tumbaku imefika kiunoni. Mchungaji amekusalimu, anauliza lini utahamia dhehebu lenye tarumbeta.

Maji yamenishuka! Wiki moja bila magadi, nikaamka asubuhi nikaona mfupa wa kifundo cha mguu. Nilikuwa sijauona tangu mwaka jana. Nikausalimia. Nimeuonyesha kila aliyepita, mpaka mwenyekiti wa kijiji ameubonyeza. Usiku nalala chali kama Mkristo wa kawaida. Besi imetoa sauti yake, mbuzi amekwenda zake.

Mengine ya kawaida. Siku hizi nakula zaidi kwa mama lishe wa pale stesheni, si unajua shughuli za shamba.

Eliya


Ng'ambo, Tabora,
9 Februari 2025

Eliya,

Mjomba wako anakusalimu na meno yake.

Barua yako nimeisoma, nikaigeuza, nikaitikisa. Mke mwenzangu hakudondoka humo. Tangu nikufahamu hujawahi kuandika ukurasa bila Agnetha hiki, Agnetha kile, mpaka nikawa naona wivu wa kweli. Yuko wapi?

Na huyo mama lishe anakupikia chakula kisicho na chumvi kwa kutokewa na malaika gani? Shamba lako liko nyuma ya nyumba yako. Stesheni iko upande wa pili wa kijiji. Shughuli gani?

Nijibu.

Marcelina


Usoke,
2 Machi 2025

Kwa binamu Marcelina,

Bwana awe nawe. Wote wazima, isipokuwa mimi kidogo.

Nilimsomea ile barua ya kibuyu kama ulivyosema. Mimi nilikuwa nacheka ninaposoma, yeye hakucheka. Aliniuliza, "Kwa hiyo ni mimi?" Nikasema si wewe, ni magadi. Akasema, "Magadi yana mikono?" Halafu kisimani akakuta habari imemtangulia, mmoja akamwambia, "Kumbe Agnetha ndiye bohari ya chumvi!" Wakacheka, kicheko cha kawaida tu cha kisimani. Alirudi na ndoo tupu.

Tangu siku hiyo hashiki mwiko. Anafua, analima, anaomba nami jioni, ila hapiki. Anasema huu mkono ulikuwa unanimaliza taratibu na yeye anauita upendo. Mama anajaribu kupika, macho hayaoni vizuri. Mimi nakwenda stesheni, nasema bila chumvi, mama lishe anasema ndiyo mzee, halafu analeta mchuzi uleule wa wote.

Miguu imerudi, binamu. Vipimo vya mwezi wa pili vimekuwa vibaya. Sikutaka kukuandikia kwa sababu ungejiona ndiwe uliyeleta, na sikutaka kumwandika yeye kama mtu wa kusemwa. Nifanyeje? Nikimbembeleza analia. Nikinyamaza analia.

Eliya


Ng'ambo, Tabora,
23 Machi 2025

Kwa Eliya, mume wa wake wawili kwa saa tatu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwaka huu Kwaresima imenikuta na kiuno kinauma, nawe utajua sababu.

Kondakta anasema unamuuliza tulifanya nini jikoni kwako Jumamosi ile ukiwa mazoezini, maana uliporudi ulikuta moto unawaka, mlango umeegeshwa, na Agnetha hataki kusema. Nitakwambia mimi.

Nilishuka na sanduku kichwani. Sikupita nyuma. Nilipita kisimani makusudi, kina mama wamejaa, nikapaza sauti: "Hodi Usoke! Nimekuja kuolewa! Nasikia huyu aliyekuwepo ameshindwa kupika, basi nimekuja kuchukua jiko langu!" Wakaniita, wakanifuata, ndoo zimebaki zinafurika. Nikaingia mpaka jikoni kwa mkeo, nikafunga khanga kiunoni, nikachukua mwiko ukutani, nikasema, "Wewe mama, toka. Mume huyu alikuwa wangu kabla hujajua Usoke iko wapi."

Alikuwa amekaa kwenye kinu. Alinitazama hivi. Nikaona ameanza kulia, nikaogopa, nikadhani nimeharibu. Lakini nikaendelea, maana mtani akisita katikati anageuka mchokozi. Nikasema, "Hata kuwasha moto hujui. Nitampikia ugali wa majivu na ataniita malaika."

Hapo akainuka. "Marcelina," akasema, "weka huo mwiko."

"Siweki."

"Weka mwiko wangu chini, mwanamke mkavu wewe, kabla sijakupika wewe!"

Eliya, alinikimbiza! Tulizunguka nyumba, tukazunguka bani la kukaushia tumbaku, nikateleza kwenye matope, ndipo hiki kiuno kilipopatikana. Akanikuta chini, akanipiga mwiko wa makalio mmoja wa haki, halafu akaanguka juu yangu anacheka. Kina mama wote wanacheka, na huyo wa bohari ya chumvi ndiye aliyenivuta nikainuka. Akamwambia, "Agnetha, na mimi kwangu magadi yapo. Na mume wangu ana presha. Tufundishe." Mmoja mmoja wakaanza kukiri. Kumbe kila mmoja ana kibuyu, na kicheko cha kisimani kilikuwa cha woga.

Basi tukapika. Nilikuja na maelezo ya Mwanahawa. Maharage yamelowekwa tangu jana yake kwa jirani niliyemtumia ujumbe na kondakta, yakaiva bila magadi. Kitunguu kingi, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu ya kukamulia mwishoni. Agnetha akaonja, akafunga macho, nikajua amekwisha kurudi. Akanifukuza jikoni kwangu mwenyewe.

Ulichokula jioni ile ni hicho. Hakutaka kukwambia kwa sababu alitaka uone kwanza kama ni kitamu. Mwambie ni kitamu, na umwambie leo.

Marcelina, mjane wa ndoa ya saa tatu


Usoke,
24 Aprili 2025

Kwa Marcelina binamu yangu,

Kristo amefufuka, na mimi nipo nyumbani.

Mama anakusalimu kwa sauti kubwa. Mjomba mwambie meno yake tumeyaombea.

Kipimo kilifanyika Jumatano kabla ya Pasaka. Agnetha alikaa nami, amevaa gauni uliloshona, ameshika kikombe changu cha maji kama ushahidi wa mahakamani. Daktari akasoma, akarudia. Akasema figo hazijarudi ujana na hazitarudi, ila zimesimama palepale, hazijateremka tena. Nibaki nyumbani, niendelee hivihivi, tupime kila baada ya muda. Akamuuliza Agnetha, "Mama, unampikia nini?" Agnetha akamweleza kuanzia kuloweka mpaka ndimu, hakuacha kitu. Foleni nje ikawa inagonga mlango. Kisha daktari akaniongezea kidonge kipya, cha kusaidia figo kutoa chumvi na maji, nimeze asubuhi, ila pale kilikuwa kimekwisha, tukakipata Jumamosi jioni. Mpanda, nikamwambia. Hakunielewa.

Sasa sikiliza ya Pasaka. Sisi alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini na bendi, tunawapigia waliolala habari kwamba Bwana ameamka. Agnetha hana mchezo na dawa, kwa hiyo kabla hatujatoka akanipa kidonge na kunisimamia mpaka kikashuka. Sote wawili hatukujiuliza kinafanya kazi baada ya muda gani.

Kinawahi, Marcelina.

Nimevaa sare, besi begani, watu wa Usoke nzima wamezunguka makaburi, kumeanza kupambazuka. Wimbo wa kwanza ukaisha salama. Mchungaji akainua mkono kwa wimbo wa pili, na wimbo ule unaanza na besi. Nikamwekea besi kijana wa pembeni, nikaenda mbio nikaingia kwenye bani lililo karibu. Mchungaji mkono juu. Bendi kimya. Watu kimya, hata watoto. Na ndani ya bani, gizani, mimi bila kujua nikawa nimesimama mbele ya debe kuukuu.

Lililia lile debe! Lililia muda mrefu, kwa nguvu, kama mvua ya masika juu ya bati. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nani awezaye kukatisha? Na huko nje hakuna asiyejua ni nini, maana figo zangu zimeombewa katika usharika ule tangu Majilio.

Ndipo nikamsikia Agnetha. Akapiga kigelegele, kirefu, kikali, cha kuamsha waliozikwa. Mama akakipokea. Kisha kina mama wote wa kisimani.

Nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimeoa mbele ya kanisa lililojaa, lakini sijawahi kushangiliwa hivyo.

Eliya wa Agnetha